Ukuta wa Bombani

Kamate alikuwa fundi wa rangi, na tuseme ukweli, alikuwa na majivuno yake. Mikasi kwenye kuta za vinyozi, chupa kwenye milango ya baa, nyingi ya rangi za Bunia zilitoka mkononi mwake. Ila kazi aliyoipenda kuliko zote ni ukuta wa bombani, pale Ngezi. Shefu wa mtaa alimwomba achore majirani wa makabila yote wakiwa pamoja, ili kila anayekuja kuteka maji ajione kati ya wenzake. Kamate hakubuni sura. Alichora watu wenyewe, na chini ya kila mmoja akaandika jina.

Aliyemsumbua ni Adeline, muuza samaki wa kukaushwa kutoka Tchomia. Alikuja na beseni kichwani, akatazama, akacheka mpaka machozi.

"Uyu haiko miye, Papa Kamate! Uyu ni bibi yangu!"

Loo, Kamate alikasirika! Akafuta, akachora upya. Adeline akacheka tena. Mara ya tatu Kamate alimkalisha kitini siku nzima, akalipata hata pengo la jino, hata kovu la kidevuni. Siku hiyo Adeline hakucheka. Alisimama akijitazama, kisha akamletea samaki mzima bure.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tano wa 2003, wapiganaji walishuka kutoka vilimani wakauteka mji. Sitaji kabila lao. Aliyekuwa Bunia mwezi ule anajua, na ambaye hakuwako hapungukiwi kitu. Walikuwa wageni mjini, hawakujua nani ni nani, basi walisimamisha watu njiani wakiuliza jina na kabila. Watu wa kabila la Adeline walitengwa, na hawakurudi. Adeline akajificha kwa Kamate. Mbambu, mke wa Kamate, alimfundisha salamu za Kinande, lugha ya kabila lao ambalo halikuwa likitafutwa, wakapatana: akiulizwa, yeye ni Fanny, mdogo wake Mbambu, wa Butembo.

"Na ule ukuta?" Mbambu akauliza.

Kamate alishika kichwa. Akachukua brashi ya chuma akakimbia bombani, maana kila fundi anajua kwamba rangi ya mafuta hukwanguliwa mpaka tofali. Akaiweka brashi kwenye shavu la Adeline, na mkono ukakataa. Miezi mitatu ya kazi, jamani! Akajiambia vita itaisha, na chokaa inaoshwa kwa maji, basi majirani watarudi ukutani kama walivyokuwa. Akapaka chokaa mara mbili, ukuta ukawa mweupe pee.

Siku ya nne maji yaliisha nyumbani. Mbambu alikuwa amelala na malaria, anatetemeka, anaomba maji. Wanaume walikuwa wakikamatwa njiani kubebeshwa mizigo, kwa hiyo Adeline akachukua bidoni ya kutekea maji.

"Papa Kamate, ulifuta ule ukuta?"

"Nilifuta, mama."

"Kabisa?"

"Kabisa. Enda bila woga."

Alimwambia hivyo akimtazama usoni.

Alfajiri ya siku hiyo mvua kubwa ilikuwa imenyesha. Kamate hakuifikiria mpaka alipotoka uani akaona mtaro wa njia umejaa maji meupe, yanatoka upande wa bomba. Hapo alikimbia. Hakukumbuka hata viatu.

Wapiganaji wawili walikuwa wamemsimamisha Adeline mbele ya ukuta. Alikuwa ameshasema jina lake ni Fanny, ameshasalimia kwa Kinande bila kosa, na mmoja alikuwa amemwonyesha njia apite. Yule wa pili alikuwa anatazama ukuta. Chokaa yote ilikuwa imeteremka chini. Sura zilikuwa safi kuliko siku zilipochorwa, na hapo katikati palikuwa na pengo la jino, kovu la kidevu na jina: ADELINE.

"Miye ndiye nilichora!" Kamate akapiga kelele. "Nilikosea! Uyu haiko yeye!"

Mpiganaji alimtazama Adeline, akatazama ukuta, akamtazama Adeline tena. Akatabasamu.

"Hapana, muzee. Usijidharau. Uko fundi. Ni yeye kabisa."

Adeline hakulia. Alimtazama Kamate tu, mpaka walipomgeuza na kumsukuma mbele.

Bidoni ilibaki chini ya bomba, imejaa, inamwagika. Kamate alifunga bomba. Kisha akaibeba bidoni nyumbani, kwa sababu Mbambu alikuwa na kiu.