Kama Hakuna Mtu

…na hii ni mara ya tatu Lesian anasema, shemeji, ulituambia umeshalifuta, na mimi sigeuki, macho yangu yako kwenye kioo, kidole kiko juu ya kitufe cha kufuta, kishale kinapepesa mwisho wa mstari ambao nimeuona leo tu ingawa uko ndani ya kazi yangu mwenyewe, tovuti niliyoijenga kwa mikono hii, Lekishon, limeandikwa hapo, jina la mume wangu, na nyuma yangu mama yake amekaa kwenye kiti cha plastiki anakoroga chai, kijiko kinagonga kikombe, sukari yenyewe iliyeyuka zamani na bado anakoroga, na huko chini fundi anachomelea mageti, kila akigusa chuma taa yangu inafifia halafu inarudi, inafifia, inarudi… nilifuta, jamani, mimi sisemi uongo, Kijenge nzima wananijua, nikisema kazi yako Ijumaa basi ni Ijumaa, nikisema picha zako mbaya basi ni mbaya, beba picha zako uende, na ile wiki ya msiba wazee wao waliponiambia jina litoke kwenye mambo ya kompyuta sikubishana, nilinyanyuka pale kwenye mkeka na khanga yangu ya msiba nikaja hapa, nikafungua hifadhidata, ile ghala yenye majina ya waongozaji wote wa kikundi chao cha kupandisha wageni Mlima Meru, nikafuta mstari wake mzima, jina, simu, lugha anazojua, nikafuta nikiwa nalia kama mtoto, nikarudi nikasema tayari, sasa leo huyu anasimama mlangoni na mabuti yenye tope la Momela anataka kunifanya mimi mwongo, "Usinipigie kelele ofisini kwangu, Lesian," hiyo imenitoka, na yeye, "Ofisi gani, shemeji, meza moja na feni," na mama yao, mama Naeku, anamwambia kitu kwa Kimaa, kifupi, Lesian anarudi nyuma hatua moja… vizuri, arudi, kwa sababu mimi nilifikiri ni wao wanaota, kweli nilifikiri hivyo, walipiga simu mwezi wa tatu, jina limetokea, nikafungua ukurasa, halipo, wakapiga tena, nikafungua, halipo, pameandikwa mwongozaji wako ni Peter, atakusubiri geti la Momela saa mbili asubuhi, kila kitu sawa, nikawajibu vibaya, nikasema nyie mnaona mizimu, na moyoni nikasema afadhali mnaona nyie, mimi simwoni hata ndotoni… halafu juzi Lesian yuko getini, mvua, ukungu umeshuka mpaka kwenye bati za geti, inakuja gari ya wageni, wazungu wazee wawili, mume na mke, wamechapisha ule ukurasa kwenye karatasi, karatasi imelowa, yule bibi anashuka na mwavuli anaanza kuita, Lekishon, Lekishon, anaita kwa sauti kuelekea msituni kana kwamba jamaa yuko tu nyuma ya miti anafunga kamba za viatu, Lesian anasema hakuna mtu aliyelitamka jina lile tangu mchungaji alipolisema kaburini, kwao likishazikwa limezikwa, wanapita pembeni yake, wanasema yule wetu, wanasema baba Princess, na hata hilo wanalisema polepole, sasa mgeni asiyejua lolote analipigia ukelele kwenye mvua… mimi kwetu Machame tunataja, kaburi liko palepale migombani, unapita asubuhi na ndoo unasema shikamoo baba, unamwambia habari za ng'ombe na za watoto, mjukuu akizaliwa unampa jina la babu na babu anatembea tena uani, kwa hiyo wanaponiambia usitaje mimi nasikia wanasema usikumbuke, na hiyo hasira nimeila miezi hii yote kimyakimya, kwamba wamemzika mara mbili, mara ya kwanza kwa jembe na ya pili kwa mdomo… lakini huu mstari, huu hapa, mimi sikuuandika, mimi nikiandika naacha nafasi kila upande na huu umebanana kama watu kwenye kivuli cha mti mmoja, na asubuhi nilipouona nilijua ni mkono wa nani, ilikuwa Jumapili, tumetoka ibadani, mvua, hana safari, akavuta hicho kiti anachokalia mama yake sasa akasema Ndeshi, nifundishe hiyo kitu inayokuiba kila siku, na mimi sikufundishwa na mtu, nimejifunza kwa kuharibu na kurudia, sina maneno ya darasani, nikamtolea kadi ya harusi ya binamu yangu, ile ya mwaliko, nikasema unaona, kadi zote zimechapwa sawasawa, familia ya fulani inayo furaha kukualika, halafu hapa pana vidoti, Bwana na Bibi vidoti vidoti, kamati inakaa na orodha ya wageni inajaza, kwako wanaandika Lekishon, kwa mchungaji wanaandika mchungaji, kadi ni moja, majina ndiyo yanabadilika, basi hicho kinaitwa kiolezo, ukurasa wenye matundu, na tundu lake ni haya mabano mawili mawili, ndani yake unaandika kitu gani kije kukaa hapo, "Kwa hiyo hiyo mashine yako, seva, ndiyo kamati ya harusi?" akauliza, nikasema ndiyo, ila hii kamati hailali wala haili pilau, mgeni akiwa Ulaya akigusa simu yake, seva inachukua kiolezo, inakwenda ghalani kuchukua majina ya siku hiyo, inajaza matundu, inatuma, yule mgeni haoni mabano, haoni tundu, anaona ukurasa umekamilika kana kwamba ulikuwepo siku zote, na wala haukuwepo, nikamwambia, hilo ndilo watu hawaelewi, ukurasa haupo mpaka mtu auombe, akiomba unazaliwa, akifunga umekwisha, akaguna, akasema kama mwangwi wa kule kreta, haupo mpaka uite… kwa nini nimekumbuka hilo sasa, sikutaka kulikumbuka, na taa inafifia, inarudi… nikamwonyesha amri ya kwa kila, kwamba kwa kila safari kwenye ghala andika kipande kimoja cha ukurasa, usiandike mara mia kwa mkono kama mjinga, akacheka, nikamwonyesha na ya kama, kama ipo picha weka picha, vinginevyo weka mlima, na yeye akafika kwenye tundu la mwongozaji akaweka kidole kwenye kioo, najua ilikuwa hapa hapa kwa sababu alikuwa na tabia ya kugusa kioo na nilikuwa nampiga mkono, akasema, "Na kama siku hiyo hakuna mtu aliyeandikwa zamu?" nikasema basi tundu linabaki wazi, mgeni anasoma mwongozaji wako ni, halafu hakuna kitu, akasema hiyo ni aibu, mgeni ametoka mbali, nikasema unaweza kuweka neno la akiba, kama hakuna jina andika kitu fulani, akasema niachie, akaandika kwa vidole viwili, akitafuta kila herufi kama anayechambua mchele, mimi nikaenda jikoni kugeuza ndizi, niliporudi ameshafunga, anatabasamu, nikamuuliza umeweka nini, akasema, "Nimeweka ukweli"… na mimi sikuangalia, ndizi zilikuwa zinaungua, sikuangalia siku ile wala siku nyingine yoyote, na ukweli wenyewe ndio huu hapa, kama hakuna mwongozaji andika Lekishon, yaani kama hakuna mtu, mimi nipo, na ndiyo maana sikuwa nalikuta, kumbe lilikuwa halitoki siku za jua, siku za jua waongozaji wanagombania wageni, karatasi ya zamu imejaa, Peter yupo, kila mtu yupo, ni siku za mvua tu, masika, wenzake wote wameamua mlima haupandiki leo wakabaki kwao na blanketi, zamu tupu, seva inakwenda ghalani inakuta hakuna mtu, inamchukua yeye… na ndivyo alivyokwenda, Mungu wangu, ndivyo hivyo hivyo alivyokwenda, zamu ilikuwa tupu siku ile, nilimwambia kwa nini wewe, wenzako wana miguu, akasema Ndeshi, kama hakuna mtu nifanyeje, akafunga kamba, na pale juu kwenye ukingo wa majivu ukungu ulishuka, aliyekuwa nyuma yake alisema alisikia tu kokoto zikiporomoka… silifuti, hilo ndilo nililoamua asubuhi, niliapa, wakija nitawaambia usoni kwamba hili siliondoi, nimeondoa lenu la ghalani, hili ni langu, aliliandika mwenyewe nikiwa jikoni na huu ni mwandiko pekee aliowahi kuandika humu, mtanifanya nini, mtaniitia kikao, iteni, na nilikuwa na maneno yote tayari mdomoni walipobisha hodi, ila mama aliingia kwanza na kindoo cha loshoro mkononi, yale mahindi yao ya maziwa mgando, akaniuliza Princess anakula vizuri shuleni, na maneno yakarudi tumboni… "Mama Princess," anasema sasa, kijiko kimetulia, Kiswahili chake cha polepole, anakichagua neno kwa neno kama mtu anayevuka mto kwa mawe, "mimi sijui kompyuta. Mimi nauliza tu. Nani anamwita?" na Lesian anadakia, anasema mama, ni mashine, siyo mtu, na mama anasema wewe nyamaza, namuuliza mke wa mwanangu, nani anamwita, na mimi nasema, bila kugeuka, sauti yangu siijui, mtu yeyote, yeyo, namwita mama kwa Kimaa, mtu yeyote akifungua ukurasa, popote alipo, mashine inatafuta mtu, isipopata inamwita yeye, na mama anasema eeh, eeh, kama vile nimemwambia kitu anachokijua, anasema, "Huyo toka mtoto. Ng'ombe wamepotea, mvua, baba yake anauliza nani ataenda, wakubwa wote wanaangalia chini, huyu Lesian hapa anajifanya anaumwa tumbo," "Mama!" "Ulikuwa unaumwa tumbo kila mvua, wewe," na nasikia Lesian anacheka kidogo puani, nusu kilio, na mama anaendelea, "Yeye anasema mimi. Mdogo hivi. Anasema mimi. Ukimwita anaenda. Sasa mnamwita tu, kila mvua mnamwita. Mwanangu atashuka lini?"… atashuka lini, kijiko kinaanza tena, atashuka lini, na mimi niliyekuwa nadhani wanataka nimsahau, kumbe huyu mama anakaa kule Olmotonyi anasikiliza mvua kwenye bati na anajua kwamba mvua ikinyesha mwanawe anaitwa, anavaa viatu, anaitikia, anapanda, hakuna anayemwambia inatosha, na aliyemweka zamu hiyo isiyo na mwisho ni nani kama si seva yangu, mimi ndiye ninayeilipia, mimi ndiye ninayehakikisha haizimiki, nimekuwa najisifu haijawahi kuzimika… na yule bibi na mwavuli wake, ukurasa wangu ulimwahidi mtu, mimi nisiyesema uongo, ulimwahidi mtu atakusubiri getini saa mbili asubuhi, akaja, akaita, akasimama kwenye mvua akimsubiri mtu asiyekuja, kama ninavyosimama mimi, kama ninavyosimama dirishani kila wingu likishuka Meru nisijue nasubiri nini… uliweka ukweli, Lekishon, ulikuwa ukweli siku ile, lakini mstari haujui, unasema tu ulichoambiwa, utasema mpaka mtu aurekebishe… na nikilitoa nisiweke kitu tundu litabaki wazi, na hiyo ulisema ni aibu, mgeni ametoka mbali, ulisema, basi sitaliacha wazi, wala sitaweka jina la mtu mwingine alale mlimani badala yako… "Shemeji," anasema Lesian, chini safari hii, karibu namna ya kuomba, na mimi nasema nakuja, ngoja, taa inafifia, inarudi, mama anakoroga, tope linakauka kwenye mabuti mlangoni, kishale kinapepesa palepale, kidole changu bado kiko hewani juu ya kitufe, sijabonyeza, lakini maneno yatakayokaa hapo nimeshayapata, kama hakuna mtu, mwambie mgeni leo hakuna mtu, mwambie mlima una mvua, abaki alipo, asiite.