Vitako vya Mvule

Okedi, seremala wa Tororo, alichonga vitako vya bunduki vizuri hata watu wakasema risasi zenyewe zinatamani kutoka. Walinzi wa Busia ya Kenya, ng'ambo ya mpaka, wakaagiza vitako kwake.

"Pita njia ya panya kama watu," mkewe Betty alimwonya.

"Mimi si mwizi!" Akaenda moja kwa moja forodhani, akavipanga mezani.

"Kibali kiko wapi, mzee?" askari akauliza.

"Kibali cha mbao? Afande, hiyo hata nzi haiui!"

"Ni sehemu ya silaha. Kuivusha mpaka bila kibali ni jela."

Akafungwa pingu. Dirishani alimwona jirani yake Ogwang akikatiza kichakani na baiskeli yenye magunia ya magendo, akimpungia mkono kwa furaha. Okedi alishindwa hata kumpungia.