Rakaa Mbili za Nyumbani

Usiku wa kuamkia leo niliota mswala wangu umekataa kukunjwa.

Nimeshaswali Adhuhuri. Nimetoa salamu kulia na kushoto, nimeinama kuushika pembeni, na mswala umekaza mwili kama ng'ombe asiyetaka kuvuka daraja.

"Bado mbili," unasema.

"Mimi msafiri," naujibu. "Msafiri hupunguza."

"Msafiri wa wapi? Hiki ni chumba chako. Ile msumarini ni kanga yako."

Nikatazama. Kanga ilikuwa yangu.

Hapa nieleze jambo ambalo halikuwa ndoto, lisije likachanganywa na yanayofuata. Kazi yangu ni kukagua mizani. Naondoka Tanga na sanduku la mawe ya kupimia, nazunguka viwanda, maghala na masoko ya mikoa mingine, narudi, nabadilisha nguo, naondoka tena. Njiani napunguza sala za rakaa nne ziwe mbili, kama dini inavyomruhusu msafiri. Ruhusa hiyo inakoma mtu akishafika mjini kwake. Hilo nilifundishwa nikiwa mdogo, na aliyenifundisha ni mama yangu, Bi Mwantumu, ambaye aliendesha chuo cha Kurani barazani kwetu hapa Chumbageni mpaka macho yalipomsumbua.

Ijumaa iliyopita nilirudi kutoka Shinyanga. Adhuhuri ikaingia, nikaswali chumbani mwangu rakaa mbili, nikatoa salamu. Mwili ulifanya wenyewe. Mama alikuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo.

"Karibu, mgeni," alisema. "Utakaa siku ngapi?"

Nikairudia sala. Baadaye, akichagua mchele, nilimwambia kwamba nimepangiwa Kanda ya Ziwa kwa mwaka mzima na kwamba Jumatatu natakiwa kujibu kama nakubali. Alisema, "Allah akujaalie heri," akaendelea kutoa chuya. Mama ana shinikizo la damu, na tangu masika mguu wake wa kushoto unaburuta kidogo. Hakusema nisiende. Hajawahi kusema. Nami sikumuuliza anaonaje. Nilikuwa nimechoka, nikaenda kupanga begi.

Hayo ni ya macho. Sasa ndoto.

"Chagua," mswala unasema. "Ukiwa mkazi, inuka utimize. Ukiwa msafiri, basi hukumu ya safari ipite kwa kila kitu, si kwa sala peke yake. Vinne vyote viwe viwili."

"Mimi msafiri," nikasema. Mbili ni chache kuliko nne, na magoti yalikuwa yananiuma.

Kitanda kikaanguka upande wa kichwani. Miguu miwili ilikuwa imeondoka. Kuta mbili nazo zikaondoka bila kelele, ile ya dirisha na ile ya kabati. Paka wa mama, ambaye mama anamwita Bwana Afya kwa jinsi anavyokagua masufuria ya watu, akapita wima kwa miguu miwili bila kunitazama.

Kupitia palipokuwa na ukuta niliona uani. Pishi ya mchele ya mama, ambayo ni vibaba vinne, imekuwa vibaba viwili. Lakini mafiga yake yalikuwa bado matatu, na sufuria imetulia juu yake.

"Mbona mafiga yamebaki?"

"Magharibi ina rakaa tatu na haipunguzwi," mswala ukanijibu. "Vitatu hubaki vitatu, viwili hubaki viwili. Sisi si wahuni."

Nilikubali kwamba utaratibu ulikuwa sahihi.

Kitabu changu kilikuwa sakafuni, kimekonda. Ni kitabu cha historia ya vipimo vya pwani, nilichokinunua nikisome safarini. Kilikuwa na sehemu nne.

"Nimepoteza nusu yangu ya pili," kikasema.

"Pole sana."

"Pole ya nini? Hujawahi kufika huko. Umenipandisha basi, umenipandisha ndege, umenilaza kifuani kwenye nyumba za wageni, na kila safari unaanza ukurasa wa kwanza kwa sababu umesahau."

"Nasoma nikiwa nimechoka."

"Na mimi nimechoka kuanza."

Mama anaingia na chai. Anaweka kikombe juu ya kabati ambalo halipo, na kikombe kinakaa. Ananitazama usoni, jambo ambalo hakulifanya Ijumaa.

"Safari hii," anasema. Kisha midomo inaendelea kwenda bila sauti.

"Sikusikia, mama."

"Safari hii," anarudia, na midomo inamalizia peke yake.

Mimi ni mtu wa kuhesabu. Sentensi ilikuwa na maneno manne. Mawili yamefika, mawili yamekatwa.

"Liseme kwa maneno matatu," nikamwambia. "Matatu hayakatwi. Au yafanye matano."

"Sipunguzi wala siongezi," mama akasema.

Hilo lilitoka zima. Ndivyo alivyokuwa chuoni: mtoto akidondosha herufi moja, anairudia aya tangu mwanzo, hata kama wenzake wameshakwenda kula.

Nikauuliza mswala maneno mawili ya mama yamekwenda wapi.

"Yameanguka nje pamoja na kuta. Kayafuate. Usiende na viatu juu yangu."

Palipokuwa na ukuta wa kabati pana uwanja wa kiwanda cha kuchambua pamba, kule Shinyanga, na jua lake lote. Natoka nikiwa na nguo yangu ya sala. Begi linanifuata lenyewe kwa magurudumu mawili, likiyumba.

"Tunaondoka?" linauliza. "Nilijua. Mimi sijawahi kufunguliwa mpaka chini. Chini huku kuna soksi ya kijani ya mwaka juzi, iko peke yake, inamuulizia mwenzake."

Kwenye mizani amekaa Masunga, karani wa kiwanda, ambaye wiki iliyopita nilimkagua kwelikweli. Anakunywa soda.

"Dada Vipimo! Leo umekuja na chumba?"

"Nusu chumba."

"Afadhali. Nusu nyingine tungeiweka wapi, na marobota haya?" Akanyoosha shingo kutazama nyuma yangu, kwa mama. "Shikamoo, mama!"

"Marahaba, baba," mama akaitika kutoka Tanga.

"Mama mzuri huyu. Unamwacha na nani?"

"Masunga, natafuta maneno mawili ya mama yameanguka huku."

"Yapo. Ila hayatoki kwa mpita njia. Thibitisha ukazi kwanza." Akagonga mizani kwa chupa. "Weka nia hapa."

Mahali pa nia ni moyoni. Kila mtoto wa chuo anajua. Nikatia mkono kifuani, nikaitoa. Ilikuwa na ukubwa wa tonge la pamba, na ilikuwa baridi.

Masunga akaichukua, akaibinya. Maji yakadondoka kwenye vumbi.

"Eee, dada. Umeitia maji."

"Sijaitia maji."

"Wote husema hivyo. Wiki iliyopita yule mzee wa baiskeli uliirudisha pamba yake yote mbele yangu. Alikwambia ni umande. Ulimjibu nini?"

"Kwamba umande haufiki kilo."

"Na huu wako tuuiteje?"

Niliijua ile nia. Ni ile ninayomwambia mama kila mwaka: nikimaliza hii nitatulia. Naisema nikiwa nimeshika mpini wa begi.

Akaikamua mpaka ikakauka, akaiweka juu ya mizani. Mshale ukatikisika kidogo, ukarudi sifuri.

"Ukazi haujathibitika," akasema, bila ubaya. "Na usinitazame mimi. Muhuri ni wako."

Nikainama nikakagua. Muhuri ulikuwa wangu. Nikaweka jiwe la kilo moja, mizani ikasema kilo moja. Nikaweka la mbili, ikasema mbili. Nilitamani iwe mbovu. Haikuwa mbovu.

Nikarudi chumbani, nikakaa kwenye kitanda kilichoinama, nikawa nateleza taratibu kuelekea sakafuni. Mama alikuwa bado amesimama pale pale. Chai ilikuwa bado inatoa moshi. Begi likasema tutachelewa.

Ndipo nikaikumbuka kanuni. Haikunijia kwa uchungu wala kwa machozi. Ilinijia kama zinavyonijia kanuni za kazini, na namba yake ya somo. Alinifundisha mama barazani, akinigonga kidole kwa kalamu: msafiri akiswali nyuma ya mkazi, hutimiza nne. Nia yake ya kupunguza haimsaidii kitu. Analazimika kumfuata mwenyeji mpaka mwisho.

"Mswala," nikasema, "mama ni mkazi?"

"Bi Mwantumu? Hajavuka mto Pangani tangu wewe unanyonya."

"Basi nitaswali naye."

Mswala ukafikiri kwa muda. "Ni halali," ukasema, kwa sauti ya wakili aliyeshindwa kesi.

"Mama, niswalishe."

"Ulikuwa wapi," mama akasema, na maneno mawili yaliyobaki sikuyasikia.

Mwanamke akiwaswalisha wanawake hasimami mbele. Husimama nao safu moja. Kwa hiyo nikasimama kando yake, bega kwa bega. Mguu wake wa kushoto ulikuwa upande wangu, na nikahisi uzito ambao mguu ule hauwezi kuubeba ukihamia kwangu kidogo kidogo. Sikujua kama ni mwingi kiasi hicho. Begi likataka kuingia kwenye safu. Mswala ukalifukuza.

Rakaa ya kwanza. Rakaa ya pili. Tunakaa. Shingo yangu inaanza kugeuka kulia kutoa salamu, kama ilivyozoea.

Mama hageuki. Anaweka kiganja juu ya goti, anajisukuma, anainuka. Inamchukua muda. Namngojea, kisha nainuka.

Ukuta wa dirisha ukarudi, na pazia lake. Bwana Afya akapata mguu wa tatu, akawa na hali mbaya kuliko alipokuwa na miwili. Pamoja na ukuta likaingia neno la tatu, lina vumbi la Shinyanga, likakaa ukingoni mwa mswala kama mtu aliyechelewa msibani.

Nakuomba, lilikuwa linasema.

Anayeswali hageuzi kichwa. Nikatazama mahali pa kusujudia. Safari hii nakuomba. Mama hajawahi kuniomba kitu zaidi ya chumvi. Upande uliobaki wazi Masunga alikuwa ameweka soda chini, amevua kofia.

Tukainuka rakaa ya nne. Kwa pembe ya jicho niliuona ukuta wa kabati ukija kutoka mbali, kutoka kiwandani, unatembea polepole kama mtu mzima, na mikononi umebeba kitu kidogo. Ulifika kwenye marobota. Ukafika kwenye mizani. Nikajitahidi nisihesabu hatua.

Ikaadhiniwa.

Adhana ilikuwa ya Alfajiri, ya msikiti wa mtaani kwetu. Niliamka nikakagua. Kitanda kilikuwa na miguu minne. Kuta zilikuwa nne. Paka alipita mlangoni kwa miguu yake yote. Begi lilikuwa limesimama karibu na mlango, limefungwa tangu Ijumaa. Nikahitimisha kwamba nilikula mihogo ya nazi nikalala mapema mno, na kwamba mtu akichoka ubongo hurudia kazi za mchana bila mpangilio.

Nikaenda sebuleni. Mama alikuwa amekaa kwenye mswala wake, amenipa mgongo, anavuta tasbihi. Nilisimama mlangoni miguu mitupu. Sikukohoa, sikumsabahi.

"Ubaki," akasema.

"Nini, mama?"

"Si umeyasikia yaliyotangulia?"

Akaendelea na tasbihi yake.

Kisha nikaenda kutawadha, nikarudi, nikasimama kando yake, upande wa mguu wa kushoto. Alfajiri ni rakaa mbili kwa msafiri na kwa mkazi, kwa hiyo sala ile haikuthibitisha lolote.

Tulipomaliza nikalilaza begi sakafuni, nikalifungua. Nikatoa mswaki, nikauweka kwenye bilauri pamoja na wa mama. Nikatoa nguo, chaja, kitabu, sabuni ndogondogo za nyumba za wageni, mpaka nikafika chini.

Soksi ilikuwepo. Ilikuwa ya kijani.