Najiweza Kisimani

Udongo wa kisima ulikuwa umemfika kifuani, na kila alipofurukuta, mwingine ulimporomokea. Kwa miaka thelathini mchimbaji huyu, ambaye watu walimwita Najiweza, alishuka na kupanda kwa vidato alivyovichonga mwenyewe ukutani. Kufungwa kamba na kuvutwa na wenzake aliona ni aibu.

"Shemeji, tulia!" kaka wa mkewe alipaza sauti kutoka juu. "Nakuteremshia kitanzi. Inua mikono ukipitishe kwapani, tukuvute!"

"Nikiachia ukuta nitafukiwa!"

"Haya, ufukiwe na kiburi chako! Dada yangu nikamwambie nini?"

Najiweza aling'ang'ania kidato hadi kucha zikatoka damu. Kidato kikamegukia kiganjani. Katika sala zake alizoea kumpa Mungu taarifa ya kazi alizozimaliza. Hakuwahi kumwomba kitu. Sasa pumzi zilikuwa zikimwishia.

"Baba," alisema, neno alilolitamka Jumapili tu kanisani, pamoja na umati, "siwezi."

Akaachia ukuta. Akainua mikono yote miwili, kama mtoto anayetaka kubebwa, na kamba ikamkaza kwapani.