Damu ya Wifi

Atupele hakuwa mtu wa wivu. Ndivyo alivyojiambia kila asubuhi, na kila asubuhi saa moja na nusu alijikuta dirishani jikoni, mwiko wa uji mkononi, akimchungulia mumewe akicheka na dada yake uani.

"Saba! Nyanyuka Selmi, usishike kiti! Nane! Hee, mwalimu mzima, unanyanyuka kama umebeba kiroba cha muhogo!"

Anselmi akakaa, akanyanyuka tena. Jasho lilimtoka, na alikuwa anacheka.

Mwenye sauti hiyo ni Laurentia, dada yake mkubwa, mkulima wa Kibuta kule Kisarawe. Saratani ya damu ilipomkamata Anselmi, ndugu wote watano walipimwa, na uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, uliolingana na wake ukawa wa Laurentia peke yake. Ukatolewa, akapandikiziwa mdogo wake hospitalini Dar. Sasa, mwezi wa tano tangu apandikizwe, Anselmi alikuwa nyumbani kwake Kibaha, na dada mtu naye alikuwa papo hapo, kahamia na kanga zake, anasimamia mazoezi ya kurudisha nguvu.

Na nani aliyelala wiki saba kwenye kiti cha plastiki pale wodini? Atupele. Nani aliyeshika beseni Anselmi akitapika, nani aliyechemsha hata maji ya kusukutua? Atupele. Lakini wageni wakija, mikono yote ilikwenda kwa Laurentia: "Mama, wewe ndiye uliyemponya!" Atupele aliachiwa glasi za kuosha.

Hata kundi la damu lilikuwa limebadilika. Anselmi alikuwa O, sasa ni B, kundi la dada yake. Laurentia halikumtoka mdomoni hilo. "Wifi, huyu si wako tena, mali ya Kibuta huyu! Wewe umebakiwa na ngozi tu." Utani wa mawifi. Watu walicheka, na Atupele naye akacheka, huku roho inamuuma kweli kweli.

Kwao Tukuyu mgonjwa hanyanyui hata kijiko, analishwa. Laurentia alikuja akampokonya kijiko: "Mwache ale mwenyewe, mikono anayo." Na Atupele alipojaribu siku moja kumtembeza mumewe mpaka getini, alijibiwa, "Niache Atu, nimechoka." Dada akiita, miguu inapatikana. Jamani!

Sasa, hayo mazoezi yalikuwa na sharti. Brighton, mtaalamu wa mazoezi tiba, aliwaandikia kwenye karatasi: mgonjwa akiwa na homa, au chembe za kugandisha damu zikishuka, mazoezi yasimame mpaka zipande. Majibu ya vipimo yalitumwa kwenye simu ya Atupele, maana mambo yote ya hospitali aliyabeba yeye.

Jumanne moja majibu yakaingia. Yalikuwa mazuri kuliko ya miezi yote. Atupele alitaka kupiga vigelegele, alishafungua mdomo. Ndipo akasikia kutoka uani:

"Kumi na mbili! Haya sema, nani kama mimi dada yako?"

"Hakuna," Anselmi akajibu, akihema.

Neno moja tu. Atupele alitoka nje, simu mkononi, na mdomo ukasema kabla moyo haujaukataza: "Zimeshuka. Chembe zimeshuka sana. Mazoezi basi."

Laurentia alikaa chini, pale pale kwenye mchanga. "Uloto wangu?"

Atupele alizima kioo cha simu. Siku ya tatu Laurentia akafunga kanga zake. "Wifi, mimi hapa sina kazi tena. Nilichompa kimekataa." Atupele alimsindikiza mpaka stendi, akamnunulia na maji ya kunywa njiani. Na tusidanganyane, alirudi nyumbani amefurahi.

Wiki ya kwanza ilikuwa tamu. Alimlisha, alimwogesha, alimfunga vifungo vya shati. Mume alikuwa wake, mzima mzima. Alipanga Jumatatu aseme chembe zimepanda. Jumatatu ikafika, akasogeza mpaka Alhamisi. Alhamisi nayo akaisogeza.

Wiki ya pili Anselmi aliacha kuongea. Uji ulirudi jikoni umepoa. Mapaja yalinywea, na siku moja alijaribu kunyanyuka kitini, akashindwa, akajaribu tena, akashindwa. Hakulalamika. Hilo ndilo lililomtisha Atupele.

Jumapili mchana Anselmi akamwita mkewe. "Kaa hapa. Nipeleke Kibuta."

"Ukafanye nini Kibuta?"

"Nikafie kwa dada. Anaamini ameniua, Atu. Nisipomwambia kwa mdomo wangu kwamba si yeye, atabaki na hilo maisha yake yote."

Njia ya mwongo fupi, lakini ya Atupele iliishia mahali asipopategemea kabisa. Alitoa simu, akamfungulia majibu, akamwekea mapajani. Anselmi alisoma mara mbili, polepole, kama anasahihisha mtihani.

"Tarehe tisa haya," alisema. "Leo ishirini na moja."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Ulisema hakuna kama yeye!" Atupele alipasuka kilio. "Mimi nilikuwa wapi, Anselmi? Mimi sikuwepo?"

Mumewe alimrudishia simu. "Nilishakubali kufa," alisema. "Nilikuwa nawaza nani atakutunza. Kodi gari, twende hivyo hivyo."

Kibuta walimkuta Laurentia uani kwake anamenya muhogo. Alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani. Alipoona gari alitupa kisu, akaweka mikono kichwani, akaanza kulia msiba. Mdogo wake ndipo akatoa kichwa dirishani, barakoa usoni, akamwita kwa jina.

Atupele aliyasema yote akiwa amepiga magoti. Hakuficha kitu. Alingoja kofi, alingoja matusi, na angeyapokea kwa moyo mmoja.

Laurentia alimsikiliza mpaka mwisho, akajipangusa macho kwa kanga.

"Wifi," alisema taratibu, "mimi nilikwenda kwa padri. Nikaungama kwamba nimemuua mdogo wangu. Kila alfajiri natembea mpaka kigangoni kusali kitubio. Kumbe nilikuwa nasali kitubio chako wewe."



Anselmi aliomba asaidiwe kushuka. Atupele aliruka, akanyoosha mkono kama alivyozoea. Anselmi aliupita, akaegemea bega la dada yake.

"Nitakaa hapa mpaka miguu irudi," alisema. "Wewe rudi Kibaha."

"Mpaka lini?"

"Sijui, Atu."

"Utarudi?"

"Hilo nalo sijui."

Dereva aliwasha gari. Atupele, peke yake kiti cha nyuma, aligeuka kwenye kioo, akawaona wanakwenda hatua kwa hatua kuelekea mlangoni, dada kamshika kiuno, wamegusana vichwa, wanaongea. Alijua amekosa, alijua hana haki hata ya kulia. Na bado, Mungu amsamehe, alichotaka kujua kuliko vyote ni walikuwa wanaambiana nini.