Mimba ya Ngapi

"Hii ni mimba ya ngapi?" daktari aliuliza.

"Ya kwanza," alijibu Mama Pancras, kabla mwanangu hajafungua mdomo.

Joyness alikuwa amekaa katikati yetu kwenye benchi, mimi mama yake mzazi upande mmoja, mama mkwe wake upande wa pili. Mama Pancras, jina lake la ubatizo Auleria, hakukosa kliniki hata moja. Alibeba chupa ya maji, alishika foleni, alijibu maswali. Mimi nilikuwa nimetoka Biharamulo kuja Ngara asubuhi hiyo kwa sababu Joyness alinipigia simu kwamba damu yake imeonekana ina tatizo na daktari anataka kuongea na familia.

Daktari Shilinde alikuwa kijana mwenye subira. Alisema damu ya Joyness ni kundi O hasi. Ya Pancras, mume wake, ni chanya, na huenda mtoto amerithi ya baba. Damu ya mtoto ikiingia kwa mama, mwili wa mama unaiona kama adui na kuanza kuandaa askari wa kuiua.

"Mtoto wa kwanza kwa kawaida hapati shida," alisema. "Askari wanakuwa bado hawajaandaliwa. Tunamchoma mama sindano, tunazuia wasiandaliwe kabisa. Hatari ni kama alishawahi kubeba mimba nyingine. Hata kama iliharibika. Hata kama hakuna aliyejua. Hapo askari wanakuwa wapo tayari, wanamsubiri huyu anayefuata."

Mama Pancras alicheka. "Daktari, umetutisha bure. Huyu binti nilimchukua kwao akiwa mzima. Muulize padri. Muulize mama yake huyu hapa."

Daktari akanigeukia. Joyness akanifinya paja mpaka kucha zikaingia.

"Ni kama alivyosema," nilijibu.

Joyness alipokuwa kidato cha nne alishika mimba. Ilitoka yenyewe nyumbani, tumbo likiwa limeshaanza kuonekana. Tulizika nyuma ya migomba na majirani tukawaambia ni malaria. Baba yake alikuwa ameshafariki, kwa hiyo tuliojua tulikuwa wawili. Miaka ikapita, akaja Pancras, anayeuza maharage soko la Kabanga, kijana wa kijiji cha Kirushya huko Ngara, mtu wa kanisani. Ng'ombe wakaletwa. Siku ya harusi Mama Pancras alisimama mbele ya jumuiya yake yote akasema ameletewa binti ambaye hajaguswa, na wenye mabinti wengine wajifunze. Watu wakapiga vigelegele. Joyness akainamisha kichwa, wakadhani ni haya.

Tulipotoka kwa daktari nilimwambia Mama Pancras nimesahau mwavuli. Nikarudi ndani, nikafunga mlango.

"Daktari, hii ni ya pili."

Hakuniuliza kwa nini nilidanganya. Aliandika, akamwita Joyness arudi kupimwa uzito "tena", akamtoa damu na kuituma Mwanza. Majibu yaliporudi alinipigia simu mimi. Askari wapo, alisema, na ni wengi. Joyness aende hospitali ya rufaa Mwanza afuatiliwe, mtoto atolewe mapema na abadilishwe damu. Akibaki Ngara, mtoto atavimba na kufia tumboni.

Nilikwenda Kirushya siku iliyofuata. Joyness nilimkuta shambani, anavuna maharage na tumbo lake.

"Siendi," alisema.

"Mtoto atakufa."

"Mama, yule mama alikuwa ndani ya kile chumba. Alimsikia daktari kwa masikio yake. Nikienda Mwanza ni kama nimeshasema."

"Tutasema ni presha."

"Presha hupimwa mbele yake. Hata mkojo wangu anauangalia rangi." Alicheka kidogo, halafu akaacha. "Na Pancras lazima asaini, lazima aambiwe ni kwa nini. Labda daktari amekosea. Wangapi wanaambiwa hivyo na wanazaa salama?"

"Mtoto bado anacheza tumboni?"

Aling'oa shina jingine la maharage.

"Joyness. Anacheza?"

"Siyo kama zamani."

Nikachukua kapu langu. Akanishika kanga, mikono imejaa udongo. "Ukimwambia, mimi siyo mwanao. Mama, nakuomba. Nitazaa mwingine."

"Mwingine atakuwa na hali mbaya kuliko huyu. Hukumsikia daktari?"

Nilimwacha amepiga magoti kwenye mistari ya maharage.

Mama Pancras alikuwa mlangoni mwa jiko, anamenya ndizi. Mimi kwangu tunasema Kisubi, yeye Kihangaza, kwa hiyo siku zote tuliongea Kiswahili, na kwa Kiswahili nilimwambia. Sikukaa. Nilisema mwanangu aliwahi kubeba mimba kabla ya kuolewa, ikatoka, na kwa sababu hiyo mtoto aliye tumboni sasa anauawa na damu ya mama yake. Aende Mwanza wiki hii.

Aliweka kisu chini. Akanawa mikono, kidole kimoja kimoja. Akamwita Pancras, aliyekuwa anapanga magunia stoo, na akatuma mtu amlete Joyness kutoka shambani.

"Mkwe amesema neno," alimwambia Joyness. "Lakini mimi nataka kulisikia kwako. Hii ni mimba ya ngapi?"

Joyness alinitazama mimi.

"Usimtazame huyo. Ameshamaliza. Mimba ya ngapi?"

"Ya pili."

"Sijasikia. Pancras, wewe umesikia?"

Pancras alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

"Ya pili, mama," Joyness alisema kwa sauti.

"Sema tena. Siku ya harusi mimi nilisema kwa sauti kubwa kuliko hiyo."

Akasema tena. Majirani wawili walikuwa wameshasimama kwenye ua, na Mama Pancras hakuwafukuza. Pancras ndipo akafungua mdomo. Nilidhani atauliza habari za mtoto.

"Ni nani?" aliuliza. "Alikuwa nani?"

"Hayo ni ya baadaye," mama yake alimkatiza. Alinigeukia. "Mkwe, Mwanza ataenda. Tena nitampeleka mimi mwenyewe. Tumbo ni letu, tumelitolea ng'ombe. Huyo aliyelibeba tutamjadili tumbo likiwa tupu."

Nilimjibu, "Jadilini mnavyotaka. Kwanza mpakieni kwenye gari."

Na alimpeleka. Siwezi kusema alizembea. Alilala sakafuni wodini Mwanza, alifua, alipika uji kwenye majiko ya nje, na hakumsemesha Joyness hata neno moja. Alipotaka kumwambia jambo alimwambia nesi: "Mwambie huyu ale." Manesi walidhani ni mila za kwetu.

Mtoto alitolewa kabla ya wakati, wa kiume, ana rangi ya ndizi iliyoiva mpaka kwenye weupe wa macho. Wakambadilisha damu, wakamweka chini ya taa, wakambadilisha tena. Mama Pancras akamwita Gaudence, jina la marehemu mume wake. Hakumuuliza mtu. Siku ya kuruhusiwa daktari wa pale alimweleza Joyness kwamba mimba zijazo zitakuwa ngumu kuliko hii, na asitegemee sana. Mama Pancras alikuwa amesimama pembeni na mtoto mgongoni. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa swali lake.

Walimrudisha Kirushya. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemtukana. Alinyonyesha. Mtoto alipoanza kula uji na kukaa mwenyewe, Pancras alikuja Biharamulo na Joyness na sanduku lake. Alinipa shikamoo vizuri.

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

"Amebaki na bibi yake."

"Bado ananyonya."

"Mama amesema atazoea." Alikuwa anaongea na ukuta. "Na ng'ombe hatudai. Mama amesema nikuambie hivyo. Wabaki tu."

Nilielewa vizuri. Wangedai ng'ombe, na mtoto naye tungemjadili. Wakibaki kwangu, mtoto ni wao na hakuna kikao cha kumwongelea. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, nikaenda ustawi wa jamii, nikaenda kwa padri. Mwenyekiti alisema hayo ya Ngara hayamhusu. Ustawi wa jamii waliandika barua mbili, Mama Pancras akaitika wito kwa adabu, amembeba mtoto aliyenona, akauliza kama kuna aliyeona mtoto anateseka. Padri aliniambia ndoa ya kanisani haivunjiki, nisiwe na wasiwasi. Kwa hiyo mwanangu hajaachika. Hajaitwa tu arudi.

Maziwa yalimtoka wiki nzima. Tulifunga kifua kwa kanga.

Mwezi uliopita nilipanda basi la Ngara, nikaenda Kirushya peke yangu. Joyness wanamzuia mlangoni, mimi huwa wananikaribisha kiti. Mtoto anatembea. Ana miguu ya Pancras na paji la Joyness. Mama Pancras alimsukuma kwangu. "Msalimie bibi wa Biharamulo. Huyu ndiye aliyekuokoa." Alisema bila kejeli, nadhani. Akaongeza, "Mkwe, mimi huwa nawaambia watu: yule mama ni mkweli."

Niliporudi, Joyness alikuwa uani anapukuchua mahindi. Hakuinua uso.

"Umemwona?"

"Nimemwona. Anatembea. Macho meupe kabisa."

"Anamwita nani mama?"

Sijadanganya tena tangu siku ile ya kwa daktari. "Bibi yake."

Alipukuchua hindi zima, akatupa gunzi, akachukua jingine.

"Ungeniacha nimzike," alisema. "Kaburini wangeniruhusu kwenda."

"Yuko hai, Joyness."

"Najua. Ulishaniambia."

Nikavuta kigoda nikakaa upande wa pili wa ungo, nikaanza kupukuchua. Alinyanyuka, akahamishia ungo wake kwenye kivuli cha upande mwingine wa nyumba, akaniachia magunzi.