Mbavu za Karani

Paka yule walimwita Karani kwa sababu hakuna karatasi iliyotua mezani asiikalie. Asubuhi hiyo hakukalia chochote. Alijikunyata nyuma ya jokofu, akihema kwa tumbo, na alipoguswa ubavuni alitoa mlio ambao bibi mwenye nyumba hakuupenda kabisa. Akamwambia mkwe wake, mke wa mwanawe, alete kapu la nguo na taulo, wamweke humo bila kumbana, waende kwa daktari wa wanyama.

"Ameanguka kutoka kabatini, mama," mkwe alisema, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Mama alilitupia kabati jicho. Kabati lile lilimfika kifuani tu, na Karani alizoea kuruka kutoka paa la jirani kila siku kama mtu anayeshuka kitandani.

Mumewe alikuwa amekufa zamani. Alimlilia kidogo kuliko majirani walivyotarajia, kisha akalala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Lakini tangu mwanawe alete mke nyumbani, marehemu naye alikuwa amerudi. Alimsikia ukumbini: ndala zikiburuzwa, koo likisafishwa kabla ya kuuliza jambo, mlango ukisukumwa kwa kiganja kizima. Alichungulia, akamwona mwanawe. Alizoea kumwita kijana huyo "baba", kama mama yeyote anavyomwita mwanawe. Siku hizi neno hilo hakulitamka tena.

Daktari, mwanamke kijana mwenye mikono iliyojaa alama za kucha, alimfunika Karani taulo kichwani ili atulie, kisha akafunua mdomo wake na kutazama fizi. Zilikuwa zimepauka.

"Lakini anakoroma," mkwe alisema kwa matumaini. "Si ndiyo raha hiyo?"

"Paka hukoroma hata akiumwa. Anajibembeleza mwenyewe."

Alizikagua kucha moja moja. Paka aliyegongwa barabarani, alieleza, mara nyingi kucha zake huchanika kwa kung'ang'ania lami. Aliyeanguka vibaya huumia kidevu au miguu. Kucha za Karani zilikuwa nzima, na kidevu chake hakikuwa hata na mkwaruzo. Akampiga picha ya eksirei, akaitundika penye taa.

"Mbavu hizi mbili zimevunjika juzi juzi. Hii ya chini ilivunjika zamani kidogo. Mnaona fundo hili? Hapa ndipo mfupa ulipojiunga." Akazima taa. "Nyumbani mnaishi na nani?"

"Ni kabati, daktari," mkwe alisema haraka. "Hata siku ile nyingine alianguka."

Mama aliyatambua maneno hayo, maana yalikuwa yake. Yeye mwenyewe aliwahi kuanguka ngazi katika nyumba isiyokuwa na ngazi, na majirani wakampa pole, wakafunika kombe mwanaharamu apite. Nyuma yake akasikia koo likisafishwa. Aligeuka upesi. Palikuwa na ukuta, kalenda na mzani wa kupimia wanyama.

Akamtazama mkwe wake, mara hii kwa macho ya daktari. Msichana alikuwa amekaa upande upande, mkono mmoja umebana ubavu, anahema juu juu kama yule paka aliyelala mezani. Mama alimgusa pale kwa ncha ya vidole tu, na msichana akaruka.

Mwanawe alikuwa ndiye mtoto wake wa pekee. Ndiye aliyemnunulia dawa, aliyemshika mkono akivuka barabara, na uzee wake wote ulikuwa umemwegemea yeye. Akiutamka ukweli, hautaweza kurudi mdomoni. Alitamani paka awe ameanguka kweli.

"Ni mwanangu," alisema. "Amempiga paka. Na huyu pia."

Mkwe akaanza kulia kimya kimya. Daktari akaeleza la kufanya. Karani atabaki pale, apewe dawa ya maumivu inayofaa paka, maana vidonge vya binadamu vingemuua. Mbavu hazifungwi bandeji. Hupona kwa kutulia mahali ambapo hakuna wa kuzigusa tena.

"Wewe nenda kwa dada yako, toka hapa hapa, na upite hospitali," mama alimwambia mkwe. "Nguo zako nitazileta."

"Na wewe, mama?"

"Ile ni nyumba yangu. Nenda."

Jioni ndala zikaburuzwa ukumbini. Koo likasafishwa. "Wako wapi?"

"Paka amelazwa. Mkeo yuko kwa dada yake. Aliyesema ni mimi."

Mama alishika ukingo wa meza kitini alipokaa, akangoja. Lakini mwanawe hakuinua mkono. Alikaa sakafuni miguuni pake, akalaza kichwa magotini mwake kama alipokuwa mdogo, machozi yakimlowanisha kanga.

"Karani atapona, mama? Hasira tu zilinipanda. Mpigie mke wangu, mwambie arudi, sitarudia. Hata huyo paka nitamnunulia kitanda kizuri. Tafadhali, mama."

Sauti ilikuwa laini, ya kuvunja mawe. Moyo wake ukayeyuka. Kabla hajafikiri, mkono wake ulikuwa tayari unampapasa nywele. Kisha mkono ukasimama. Makofi ya marehemu alikuwa amekwisha kuyasahau mengine. Sauti hii hakuisahau hata neno. Ndiyo iliyokuwa ikimrudisha kila mara, na furushi lake mkononi, kutoka kwao, kutoka kwa shangazi, kutoka mlangoni. Marehemu hakuwahi kuwa karibu naye kama sasa.

Akachukua simu, akapiga. Mwanawe alifuta machozi, akatabasamu, akambusu kiganja.

"Mwanangu," mama alimwambia mkwe wake aliposikia sauti yake, "usirudi. Ameanza upole."